Dawa ya Rangi Isigeuke Taka Mpya

Wako wataalamu leo, katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, watengenezao unga mwembamba mno ambao ukitiwa katika maji yaliyochafuka kwa rangi za nguo, na maji hayo yakawekwa mwangani, rangi huvunjika na maji yakawa meupe. Kisha mtaalamu huleta sumaku, huiweka ubavuni mwa chombo, na ule unga ukaifuata sumaku kama kuku wafuatavyo mtama, tayari kwa kutumiwa mara ya pili. Habari hii ni njema, wala hatuna nia ya kuipunguzia sifa yake. Lakini habari njema zifikapo katika nchi zetu huja mara nyingi pamoja na wachuuzi wake. Kwa hiyo yatupasa kuipima kabla ya kuipokea. Na mahali pa kuipimia tumepachagua: si maabara ya Ulaya, bali Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, upande huu wa Ziwa Tanganyika.

Neno letu ni moja, nasi twalisema mapema ili msomaji asipate taabu ya kulitafuta. Unga wowote utakaotiwa majini kwa jina la kuyasafisha, uingie kwa mizani na utoke kwa mizani. Asiyeweza kuonyesha hesabu ya vyote viwili asiruhusiwe kuukaribia ufuko wetu, hata akiwa na vyeti vya chuo gani.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe. Penye kina kirefu kabisa lafika mita 1,470, na urefu wake ni kilomita zipatazo 670. Duniani hapana ziwa la maji baridi lenye kina kuzidi hicho, ila Baikal la Urusi. Nchi nne zashirikiana kulimiliki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Wengi wausikiapo ukubwa huo hudhani kwamba ziwa la namna hiyo haliwezi kudhuriwa na beseni la maji ya rangi. Hesabu hiyo imekosewa. Mito iingiayo ni mingi, lakini utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, nao huchukua sehemu ndogo ya maji. Sehemu kubwa kabisa hupanda angani kwa mvuke.

Basi mvuke ni maji matupu. Hauchukui chumvi, hauchukui chuma, hauchukui rangi. Watu wa Uvinza walilijua jambo hili karne nyingi zilizopita, walipochemsha maji ya chemchemi zao mpaka maji yakaenda na chumvi ikabaki chunguni. Ziwa Tanganyika ni chungu cha namna hiyo, ila moto wake ni jua na mpishi wake hana haraka. Tena, chini ya kina cha mita zipatazo 200 maji yake hayana hewa ya oksijeni, na kitu kizamacho huko hukaa muda mrefu mno kabla ya kubadilika. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki ndicho tunachokinywea, kwa maana mji wa Kigoma huvuta maji yake humo humo, na dagaa na migebuka ya vyungu vyetu hutoka humo humo.

Pengine msomaji atauliza rangi hizo zatoka wapi. Viwanda vikubwa vya nguo vya Tanzania vilijengwa kwingine, kama vile Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, na Mwatex cha Mwanza. Wakazi wa Dar es Salaam waijua hali ya Mto Msimbazi, ambao kwa miongo mingi umepokea maji machafu ya viwanda, vya nguo vikiwamo. Lakini ziwa letu nalo halikusalimika, maana maji hayaulizi pasipoti. Kwenye ncha ya kaskazini, mjini Bujumbura, kilijengwa kiwanda cha nguo cha COTEBU, na baada yake kikaja Afritextile. Mradi wa Bayoanuwai ya Ziwa Tanganyika, uliofanya kazi yake katika miaka ya 1990, uliziweka taka za viwanda vya mji huo miongoni mwa mambo yanayolitisha ziwa. Maji ya Bujumbura na maji ya Ujiji ni maji mamoja.

Kisha iko kazi ndogo ya nyumbani, nayo ni ya heshima. Tuchukue kwa mfano uwanja mmoja wa nyumba katika Kasingirima, ambamo kina mama wanne wameungana kutengeneza batiki. Kitambaa cha pamba huchorwa kwa nta iliyoyeyushwa, hutumbukizwa katika rangi iliyotayarishwa kwa kostiki na haidrosi, huanikwa hewani ili rangi ishike, kisha huchemshwa ili nta itoke. Nguo yapendeza na yauzika. Lakini hapana rangi inayoshika yote katika uzi. Katika rangi zile ambazo viwanda huzitumia sana kwa pamba, zijulikanazo kwa jina la riaktivu, yaweza kupotea sehemu ya kumi, na mara nyingine hata karibu na nusu, ikaenda na maji ya suuza. Maji hayo humwagwa wapi? Humwagwa mferejini, na mvua ikinyesha mfereji huteremka mpaka ziwani.

Madhara yake si ya macho tu. Rangi iliyo majini huzuia mwanga, na mwanga ndio chakula cha mimea midogo ielea majini, ambayo huliwa na wadudu wa maji, nao wakaliwa na dagaa, nao dagaa wakaliwa na migebuka. Tena rangi za kundi la azo, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika rangi za viwandani, zifikapo mahali pasipo na oksijeni huvunjika zikatoa kemikali za amini, ambazo baadhi yake zajulikana kuwa huleta saratani. Nasi tumekwisha kusema kwamba chini ya ziwa letu hapana oksijeni. Hii ndiyo sababu hatusemi kwamba jambo hili ni la wataalamu peke yao.

Sasa tuutazame ule unga na namna ufanyavyo kazi. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza katika jarida la Nature kwamba oksidi ya titani ikipigwa na mwanga yaweza kuyapasua maji yakatoa hewa zake mbili. Oksidi hiyo ni unga mweupe uliomo katika rangi za kupakia nyumba. Kuanzia hapo wengine walijiuliza: kitu kiwezacho kuyapasua maji, je, hakiwezi kuipasua taka iliyomo majini? Kumbe chaweza. Mwanga ukiipiga chembe ya unga, huinua elektroni kutoka mahali pake, na nyuma yake hubaki pengo. Elektroni hukimbilia oksijeni iliyomo majini, nalo lile pengo huyanyang'anya maji elektroni yake. Katika kunyang'anyana huko huzaliwa vipande vikali vyenye njaa, ambavyo huirukia molekuli ya rangi na kuivunja kidogo kidogo. Unga wenyewe hauliwi. Wafanya kazi kama mnyapara asiyebeba mzigo lakini bila yeye kazi haiendi, na kwa hiyo huitwa kichocheo.

Shida ya oksidi ya titani ni hii, kwamba huamshwa na ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, iliyo nje ya rangi ya zambarau. Na katika nguvu zote za jua zitufikiazo chini, mionzi hiyo ni kama sehemu tano tu katika mia. Mwanga unaoonekana ni karibu na nusu. Ni sawa na mvuvi aliye na ziwa zima akavua katika kidau chake tu. Ndiyo maana wataalamu wametafuta vichocheo vingine viamkavyo kwa mwanga wa kawaida: michanganyiko ya bismuthi, nitridi ya kaboni, feriti za chuma, na vingine vingi. Kwa nchi kama yetu, iliyo karibu na ikweta, neno hilo si dogo. Jua halina ankara mwisho wa mwezi.

Na kwa nini unga uwe mwembamba? Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Chukua kipande cha mraba chenye upana wa sentimita moja kila upande. Nyuso zake zote sita ni sentimita za mraba 6. Kikatekate mpaka kila kipande kiwe na upana wa nanomita 10, nawe utapata nyuso zenye jumla ya mita za mraba 600, yaani kiwanja cha nyumba cha mita 20 kwa 30. Kazi yote hufanyika juu ya uso, si ndani; kwa hiyo mwenye uso mkubwa hufanya kazi kubwa. Lakini wembamba huo huo ndio balaa yake. Unga wa namna hiyo hautuami upesi, na kitambaa cha kuchujia hauzuiwi nacho. Ukishaingia majini, kuutoa ni kazi.

Hapo ndipo sumaku ilipoingia. Watoto wetu wengi wamekwisha kuchomoa sumaku katika spika mbovu ya redio, wakaiburuta mchangani, ikainuka na ndevu nyeusi. Ndevu zile ni chembe zenye chuma, na miongoni mwake imo magnetiti. Wataalamu huiweka magnetiti hiyo katika kiini cha chembe, na kichocheo wakakizungushia nje, kama kokwa ndani ya embe. Mara nyingi huweka na utando wa silika kati ya vitu viwili hivyo, kwa sababu vikigusana chuma huweza kuyeyuka, tena elektroni hupotelea ndani yake pasipo kufanya kazi. Na magnetiti ikiwa ndogo kiasi cha nanomita chache, hufuata sumaku inapokuwapo, na sumaku ikiondolewa husahau kabisa, chembe zisigandamane. Twakiri kwamba hiyo ni akili kubwa.

Basi wahenga wetu walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Wataalamu hawa wasema kwamba wao wamepata kitu kimwagikacho na kuzoleka. Tusiwakatalie, wala tusiwaitikie upesi. Tuwaulize maswali manne.

Swali la kwanza ni la mizani. Tuseme mtu atuambia kwamba kila mara unga ukitumiwa, sehemu 98 katika mia hurudi kwenye sumaku. Kwa masikio hiyo ni sifa. Kwa hesabu je? Ukianza na kilo moja, baada ya kutumia mara kumi utakuwa na gramu 817. Gramu 183 zimekwenda na maji. Ukiendelea mpaka mara 35, zaidi ya nusu ya unga wako haupo. Haupo kwako, lakini upo mahali, na mahali hapo ni ziwani. Tena majaribio mengi hufanywa katika kichupa kidogo cha kioo, ambapo sumaku ipo karibu na kila chembe. Nguvu ya sumaku hupungua upesi sana kwa umbali. Jambo lililofaulu katika kichupa halijafaulu katika pipa la lita 200, sembuse katika mfereji wa kiwanda, mpaka lionekane limefaulu humo.

Swali la pili ni la maji yenyewe. Katika maabara rangi hutiwa katika maji yaliyokenekwa, yasiyo na kitu. Maji ya Ziwa Tanganyika si hayo. Ni maji yenye ualkali, kipimo chake cha pH chakaribia 9, nayo yana bikaboneti nyingi. Na bikaboneti ina tabia ya kuvila vile vipande vikali kabla havijaifikia rangi. Tena katika maji ya namna hiyo uso wa vichocheo vingi, oksidi ya titani ikiwamo, hubeba chaji hasi. Nao huvuta rangi zenye chaji chanya na kuzisukuma zile zenye chaji hasi. Bahati mbaya rangi za riaktivu zitumiwazo kwa pamba ni zenye chaji hasi. Ongeza kostiki iliyomo katika beseni la batiki, ongeza na weusi wa maji ya rangi yenyewe, ambayo huuzuia mwanga usipenye hata upana wa kiganja. Kwa hiyo mtu atakayekuja na majedwali ya maabara ya mbali, yeye hajaleta habari za Kasingirima. Achote maji ya hapa, atie rangi itumikayo hapa, aanze upya.

Swali la tatu ni la weupe. Maji meupe si lazima yawe maji safi. Hilo mama wa batiki hahitaji kufundishwa na mtu. Yeye aona kila siku jinsi rangi ya nili ikitiwa kostiki na haidrosi inavyopoteza ubuluu wake ikawa ya kimanjano, na jinsi kitambaa kikitoka hewani ubuluu unavyorudi. Rangi haikufa, ilijificha tu. Na buluu ya methileni, ambayo watafiti huipenda kwa majaribio yao, ina tabia hiyo hiyo: yaweza kuwa nyeupe kwa kubadilika hali, kisha ikapata hewa ikarudi. Hata pale rangi ivunjikapo kweli, vipande vyake vyaweza kubaki majini bila kuonekana. Kwa hiyo jicho si shahidi wa kutosha. Ipimwe kaboni iliyobaki, ipimwe oksijeni ambayo maji yale yatahitaji, vipimwe na vyuma vilivyoyeyuka kutoka katika unga. Maana wako wenye kutengeneza vichocheo kwa kadimi, na wengine hutia kobalti au nikeli katika kiini cha sumaku. Hizo ni sumu. Hatuwezi kuiondoa rangi ya bluu ziwani na mahali pake tukaweka kadimi isiyo na rangi.

Swali la nne ni la mikono. Nani ataushika unga huo? Si profesa. Ni kibarua wa kiwanda, au ni yule mama na binti yake. Unga mkavu wa wembamba huo hupeperuka na kuvutwa pamoja na pumzi, mpaka ndani kabisa ya mapafu. Ikiwa lazima uletwe, uletwe umelowa kama ugali mwepesi, katika chombo kilichofungwa, na maagizo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Na ukisha kuchoka usirudishe kazi yake, mwuzaji ndiye aupokee. Wafanyakazi wa nchi hii wamekwisha kuvumilia mengi ambayo madhara yake yalijulikana baada ya mwenye mali kuondoka. Si haki waongezewe jingine.

Tukisema hivyo hatusemi kwamba tukae tukisubiri. Yapo mambo yawezayo kufanywa sasa, kwa vitu tulivyo navyo. Rangi zile ziyeyushwazo kwa kostiki na haidrosi zina wema mmoja: zikipata hewa ya kutosha hurudia hali ya kutoyeyuka. Basi maji ya beseni yasimwagwe siku ile ile. Yatiwe katika pipa, yakorogwe yapate hewa, yaachwe yatuame, na tope lililo chini lihifadhiwe mbali na mfereji. Maji ya suuza ya mwisho, ambayo yana rangi kidogo, yatumiwe kuanzia suuza ya nguo inayofuata. Haya hayahitaji mkopo wa benki.

Tena liko jambo la mimea. Mwaka 2005 mtaalamu wa Dar es Salaam, Stephen Mbuligwe, alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa maji machafu ya karakana ya batiki. Aliyapitisha katika vitalu vya changarawe vilivyopandwa magimbi na mimea ya kinamasi, akalinganisha na kitalu kisichopandwa kitu. Vilivyopandwa vilipunguza zaidi ya nusu ya rangi, vikakishinda kwa mbali kile kisichopandwa. Magimbi twayajua, na changarawe tunayo. Twaongeza onyo moja tu, kwamba magimbi ya kitalu cha namna hiyo si ya kula, na watoto waambiwe hivyo.

Na kwa upande wa unga wa sumaku, ujaribiwe, lakini ujaribiwe kwetu, na wa kwetu, na mbali na ziwa. Iwekwe sinia pana yenye kina kifupi, juani, ikiwa imezungushiwa ukingo ili hata ikifurika maji yasitoroke. Itumike magnetiti na feriti za chuma, si kadimi. Kila asubuhi unga upimwe unapoingia na jioni upimwe unapotoka baada ya kukaushwa ndani ya chombo kilichofungwa, na hesabu ibandikwe mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, laweza kuwakusanya mafundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha zina wataalamu wake. Hatusemi hivyo kwa kubahatisha. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa taasisi hiyo ya Arusha alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la maji ya kunywa litumialo mchanga pamoja na vitu vya nano, ambalo hurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Katika kazi hiyo yamo mafundisho mawili. La kwanza, kwamba maji ya kila mahali yana ugonjwa wake, na dawa hupimwa kwa mgonjwa. La pili, kwamba katika chujio kitu cha nano hukaa kifungoni na maji ndiyo yapitayo. Hata kichocheo cha mwanga chaweza kubandikwa juu ya kigae au kioo kisitembee, na watafiti wengi wamefanya hivyo. Kikifanya kazi polepole kuliko unga ulio huru, na kifanye polepole. Mlinzi mzee asiyetoroka ni bora kuliko kijana ambaye kila usiku haonekani.

Limebaki neno la sheria. Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nchi nne za ziwa zilitia saini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika mjini Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003, na ndani ya mkataba huo zimo kanuni mbili tunazozikumbusha leo: kanuni ya tahadhari, na kanuni kwamba mchafuzi alipe. Kanuni ya tahadhari yatuambia tusingoje samaki waelee ndipo tuamini. Na kanuni ya mchafuzi alipe haina maana ya kumtoza faini mama mwenye beseni moja, huku mwenye bomba akialikwa chakula cha mchana. Wavu unaonasa dagaa na kumwachilia mamba si wavu wa haki. Mwenye beseni afundishwe na apewe pipa na kitalu. Mwenye bomba apimwe maji yake, na vipimo vitangazwe.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Wavuvi wetu waliiacha mitumbwi ufukoni miezi mitatu, na nyumba nyingi ziliona uzito wake. Wale waliovumilia hivyo wana haki ya kuuliza wengine wamelifanyia nini ziwa. Haifai mvuvi aambiwe apumzike kwa ajili ya mayai ya samaki, na wakati huo huo mferejini papite rangi, au unga wa dawa ya rangi, na pasiwe na mtu wa kuuliza.

Kwa hiyo twawaomba wanachama na wafanyakazi wa Kigoma-Ujiji wafanye mambo matatu. Katika mikutano ya kata, Kasingirima na kwingineko, liulizwe swali la mahali maji ya rangi yamwagwapo, na kila karakana iwe na pipa lake la kutuamishia. Madiwani waombe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyo hapa hapa Kigoma, iwaeleze wananchi ni vipimo gani huchukuliwa katika mifereji iteremkayo ziwani. Na siku atakapofika mtu mwenye mkoba, akiwa na kichupa cha unga mweusi na sumaku mkononi, apewe kiti na maji ya kunywa kama mgeni yeyote. Aache aonyeshe maajabu yake. Akisha kumaliza, wekeni mizani juu ya meza, mwulizeni gramu ngapi zimeingia na gramu ngapi zimetoka, na msimwachilie kabla hajajibu.